Nyanya ambazo hakuna aliyezipanda

Januari 2022 nilienda shamba Mpunguzi, huku kwetu Dodoma, nikakuta nyanya zimeota. Najua unasema nyanya kuota shambani ndo stori gani sasa, ila mimi pale nilikuwa nimepanda mtama na alizeti tu, mbegu ya nyanya sijawahi kuinunua tangu nizaliwe, afu hizi hazikuota mbili tatu, ziliota kama nywele, vichaka vichaka, na zote kwenye kipande kimoja cha shamba ambacho siri yake tulikuwa tunaijua watu wawili, mimi na dereva mmoja wa gari la majitaka. Katikati ya nyanya kuna miche ya tikiti, kuna pilipili, na mpapai mmoja umesimama kwa madaha kama umealikwa.

Nikabaki nimesimama pale. Babu jirani yangu wa shamba, Mgogo wa pale pale, akaja taratibu na fimbo yake, "Mbukwenyi", nikamwamkia shikamoo babu, marahaba, akaziangalia zile nyanya, akaniangalia mimi, akaziangalia tena. "Mwanangu, hizi zimepita tumboni mwa mtu." Akaendelea na safari yake.

Na kweli zilikuwa zimepita. Mbegu ya nyanya ukiimeza tumbo haliifanyi kitu, inatoka upande wa pili nzima nzima, inakaa chooni miezi, inavutwa na gari, inamwagwa, inapigwa na jua la Oktoba la Dodoma lile mnalolijua, mvua ya kwanza inanyesha inaota. Watu wanaofanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka hawashangai hata kidogo, pembeni ya sehemu za kukaushia tope nyanya za bure ni kitu cha kawaida. Mimi lakini sikuwa nafanya kazi kwenye mabwawa, mimi nilikuwa mkulima wa wikiendi niliyedhani nimepata ujanja, na pale kwenye nyanya ndo swali likanijia kichwani kwa kuchelewa: kama hii mbegu imevuka yote hayo ikiwa hai, ni nini kingine kimevuka nayo?

Ngoja nirudi nyuma. Msimu ule wa 2021 kila aliyelima anaukumbuka, bei ya mbolea ilipaa, mfuko wa DAP wa kilo 50 ukavuka laki moja, ruzuku ilikuja 2022 ikaushusha mpaka elfu 70 lakini sisi Oktoba 2021 hatukuwa na ruzuku, tulikuwa na maneno tu. Udongo wa kwetu ni kichanga chekundu, umechoka, na mvua yenyewe ni milimita mia tano na kitu kwa mwaka mzima, inakuja msimu mmoja tu Desemba mpaka Aprili, tena katikati hapo Januari au Februari inaweza kukata wiki mbili tatu unaangalia mtama unajikunja majani kama karatasi. Afu kuna kiduha. Kama hukijui kiduha ni lile gugu lenye maua madogo mazuri linalojibandika kwenye mizizi ya mtama linanyonya, na linapenda udongo uliochoka kama wangu. Samadi ndo dawa tunayoijua wote lakini wenye zabibu wanaigombania, Fuso moja ya samadi unaitafuta kama unatafuta ajira serikalini.

Sasa siku moja chemba ya nyumbani Nkuhungu imejaa, maji ya bafuni yanarudi juu, nikaita gari. Nimeshalipa laki na kitu, dereva anakunja mpira wake, tukaanza stori za kilimo, nikamlalamikia bei ya mbolea. Akacheka. "Bro, we unalipa hii iondoke, afu unaenda dukani unalipa nyingine ije. Shamba si unalo?"

Jamani niseme ukweli, lile neno lilinikaa. Nikalirudia usiku kucha. Kwa hesabu ya harakaharaka alikuwa na hoja, kwani kila tunachokula kilitoka shambani, naitrojeni na fosforasi yote ile ilipanda na mtama na mahindi ikaja mjini kwenye magunia, ikapita kwetu, ikaishia shimoni, na shamba halijarudishiwa kitu. Mwili wa mtu mzima haubakizi karibu chochote, kwa mwaka mtu mmoja anatoa kama kilo 2 mpaka 4 na ushee za naitrojeni kutegemea anakula nini, nyingi ikiwa kwenye mkojo. Zidisha kwa watu laki saba na zaidi waliohesabiwa jiji la Dodoma kwenye sensa ya 2022 uone tumekalia nini.

Kwa hiyo nikakubali. Safari mbili, usiku saa tatu, kwa sababu mchana alikuwa anaogopa kuonekana, na hilo peke yake lilitosha kuniambia kwamba tunachofanya hakipo sawa, ila nilikuwa nawaza kiduha. Akafungua koki. Ikatoka nyeusi kama oili chafu ya gari, ina povu la kijivu, inacheua cheua, na harufu yake si ile ya choo mnayoijua, hii inashika kooni, unaimeza. Asubuhi yake nilirudi kuangalia, juu imeshakauka imepasuka vipande kama ukoko wa ugali, chini bado uji, na juu ya ukoko pampasi, pedi, mifuko ya nailoni, mswaki, wembe, na simu ya kitochi imelala chali. Hiyo simu mpaka leo naiwaza, kuna mtu alisimama juu ya tundu akaiangalia ikienda. Nzi walikuwa wengi mpaka wana sauti. Na watoto wanaochunga mbuzi, pekupeku, wakakatiza katikati kwa sababu hiyo ndo njia yao ya kila siku na mimi sikuweka hata kamba.

Hao watoto ndo walionifanya niende kwa bwana afya wa kata baada ya zile nyanya. Nilienda kama mtu anayeenda kutubu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza nina elimu gani, nikamwambia, akasema sawa, kwa hiyo huna kisingizio. Akanipiga somo la saa nzima ambalo nitalifupisha hapa manake ndo limenibadilisha.

Mnyoo wa tumboni, yule mviringo mrefu anayeitwa askarisi, jike mmoja anataga mayai kama laki mbili kwa siku. Kwa siku! Yanatoka na choo. Yai lake lina ganda gumu, bakteria wa kipindupindu au taifodi wanaweza kufa jua likiwapiga na muda ukipita lakini yai la askarisi linaweza kukaa kwenye udongo mwaka, miaka, linasubiri mtoto acheze matope alambe kidole. Kwa hiyo ukiona tope limekauka, halinuki tena, limekuwa kama udongo mzuri mweusi, hiyo haina maana kwamba liko salama. Pua haina kazi hapo. "We hukumwaga mbolea," akaniambia, "umetaga mayai eka nzima."

Akaniamuru niweke uzio wa miiba, nisivune chochote kibichi kwenye kile kipande, nyanya ning'oe zote nichome, na watoto wa majirani wapewe dawa za minyoo, za kununua kwa hela yangu. Nilifanya. Kuwaelezea wazazi wao nilikuwa natoka jasho, mama mmoja alinitazama bila kusema neno, akachukua dawa akaingia ndani. Nyumbani mama watoto aliuliza swali moja tu, "Na huo mtama unaletwa huku?" nikasema hauletwi, na kweli haukuletwa.

Sasa hapo mtu mwenye akili angeachana na hii biashara. Mimi nikarudi kwa bwana afya baada ya miezi mitatu nikamwambia mzee, nataka kuifanya sawasawa. Akacheka mpaka akakohoa. Lakini alinisaidia, tena sana, na masharti yake yalikuwa ya kwanza ijulikane tope limetoka wapi, la pili lisiguse ardhi ambayo maji yake yanatumika, na la tatu nisiwe na haraka.

Kwenye hilo la maji kidogo niongee. Kuna jamaa yangu alikuwa ananishawishi tukodi kipande upande wa Makutupora huko, ardhi nzuri. Nikakataa, kwa sababu bonde la Makutupora ndo lenye visima vya Mzakwe na mji huu kwa miaka mingi umekunywa maji ya visima vile. Tope likiwekwa kwa wingi kuliko mimea inavyoweza kula, naitrojeni inageuka naitreti inashuka na maji chini, na naitreti ukishaitia kwenye kisima huitoi kwa kuchemsha. Mtoto mchanga akinywa nyingi damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Shamba langu halina kisima karibu na kabla sijaanza tulizunguka na bwana afya tukahakikisha.

Kuhusu lilikotoka. Mara hii nilitumia chemba yangu na za majirani wawili, nyumba za kuishi watu, mifuniko nimefungua mwenyewe nimechungulia. Kwa nini nasumbuka hivyo? Mayai ya minyoo unaweza kuyaua. Madini mazito kama risasi na kadimiamu huwezi. Gereji inamwaga asidi ya betri, oili na rangi kwenye bomba, karakana sijui inamwaga nini, yote yanakutana kwenye bomba kubwa la mji, na tope lake ukilichemsha, ukilianika, ukiliozesha, madini mazito yanabaki pale pale, yanaingia kwenye udongo, mwaka unaofuata unaongeza mengine. Ndo maana hata nchi zilizoendelea zimegawanyika kwenye hili jambo. Milwaukee kule Marekani wanauza mbolea ya majitaka kwenye mifuko, Milorganite, tangu 1926, watu wanaweka kwenye bustani zao hawana habari. Lakini Uswisi tope walilipiga marufuku kwenye mashamba 2006. Na jimbo la Maine Marekani hiyo hiyo walikataza kumwaga tope mashambani mwaka 2022, baada ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kugundua ardhi yao imejaa zile kemikali za PFAS, zile za kwenye vikaango visivyogandisha na nguo zisizolowa, ambazo haziozi. Wale wakulima waliletewa tope wakaambiwa mbolea ya bure. Nikisoma hilo neno "bure" namkumbuka dereva wangu.

Chemba ya nyumba ya kawaida Nkuhungu haina gereji ndani yake. Ina sabuni, ina jiki kidogo, ina kitochi. Kwa mtazamo wangu hapo sisi tulio na vyoo vya shimo na chemba, ambao ndo wengi huku, tuna bahati ambayo hatuijui, kwa sababu choo chako kinakujua na wewe unakijua.

Haya, kazi yenyewe. Kwanza kitu ambacho hakuna mtu aliniambia, tope la kwenye gari ni maji. Gari la lita elfu 10 ukilikausha unapata labda kilo mia mbili za kitu kikavu, wakati mwingine hata hazifiki. Nilileta safari tatu nikidhani nitapata mlima, nikapata kichuguu. Tulichimba kitanda, chini kokoto, juu yake mchanga, tope likamwagwa unene wa kama sentimita 20, maji yanachuja chini yanatoka kwa kijimfereji mpaka kwenye mijohoro na ile mijohoro sasa hivi ina kiburi kweli. Mwezi wa nane Dodoma, upepo na jua, wiki mbili limekauka unalibandua kwa sepetu kama biskuti. Takataka unaokota kwa mkono, glavu nene, gambuti, barakoa, na hapo hata uwe shujaa gani kichefuchefu kinakupata siku ya kwanza. Siku ya pili unaokota huku unaongelea Simba na Yanga.

Kukauka bado siyo kupona. Kinachoua mayai ni joto, na joto halitoki juani, linatoka ndani ya lundo lenyewe. Unachanganya sehemu moja ya tope kavu na sehemu tatu za mabua ya mtama yaliyokatwakatwa, maganda ya karanga, majani, samadi kidogo kama unayo, kwa sababu wale vijidudu wanaoozesha wanataka kaboni nyingi, kama 25 mpaka 30 kwa kila moja ya naitrojeni, ukiwapa tope tupu naitrojeni inapaa angani kama amonia, ile harufu inayochoma macho. Mimi lundo la kwanza lilichoma macho. Nikaongeza mabua likatulia. Lundo lisiwe dogo, chini ya mita moja kila upande linapoa, na liwe na unyevu, unachukua konzi unaikamua, itoe tone moja mawili, ikitiririka umezidisha, isipotoa kitu umepunguza. Na hapo ndo Dodoma inakuadhibu maana lundo linataka maji na maji unanunua dumu, afu upepo unayanywa yote. Nikalifunika turubai.

Siku ya nne nikachomeka nondo katikati ya lundo, nikaiacha robo saa, nikaichomoa nikaishika. Nikaiachia. Ilikuwa inaunguza! Mimi na kijana wangu wa shamba tukawa tunaishika kwa zamu tunacheka kama watoto, yaani mavi na mabua bila kiberiti yamepasha chuma. Baadaye nikanunua kipimajoto kirefu, kikasoma nyuzi 61. Kanuni waliyoweka Wamarekani mwaka 1993 kwa malundo ya namna hii inasema nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na ndani ya hizo siku uligeuze mara tano, kwa sababu juu na pembeni kuna baridi na mayai yaliyoko pembeni lazima nayo yapite katikati. Kugeuza lundo la tope mara tano siku 15 ni adhabu, mgongo wangu unaweza kutoa ushahidi, na niliona wazi kwa nini mtu wa kawaida ataligeuza mara mbili atasema imetosha. Lakini yale yaliyobaki pembeni hayajui kwamba umechoka.

Baada ya hapo nikaliacha. Shirika la Afya Duniani (WHO), kwenye miongozo yao ya 2006, wanasema kinyesi kikihifadhiwa sehemu ya joto zaidi ya nyuzi 20 bila kuongezwa kipya kikae zaidi ya mwaka mmoja. Hiyo ni kama hujafanya kingine chochote. Mimi nilifanya vyote viwili, moto na mwaka, manake simwamini mtu anayegeuza lundo na mtu huyo ni mimi. Kuanzia Septemba 2022 mpaka Novemba 2023. Nikaandika kwa chaki kwenye kipande cha bati USIGUSE MPAKA NOV na babu akipita anasoma kwa sauti kila siku, anatingisha kichwa.

Ilipofika Novemba nikafunua turubai. Nyeusi, laini, inamwagika mkononi, inanuka udongo wa mvua ya kwanza. Nilikaa pale nimeishika nikawaza ule uji wa saa tatu usiku. Na kitu cha kwanza nilichofanya nilichukua sufuria la zamani nikajaza, nikamwagilia, nikaweka dirishani kwangu wiki tatu kuona kama nyanya zitaota. Hazikuota. Siyo kipimo cha maabara, maabara wanahesabu mayai kwa darubini na kiwango cha WHO ni yasizidi yai moja kwa kila gramu ya tope kavu, lakini kwa mtu aliyeaibishwa na nyanya ile sufuria tupu ilinipa raha sana.

Nilipata viroba ishirini na kitu. Hapo hesabu ya dereva ndo ikaanguka rasmi. Mfuko mmoja wa DAP una asilimia 18 ya naitrojeni, yaani kilo 9. Mboji kama yangu ukibahatika ina asilimia moja au mbili, kwa hiyo kupata zile kilo 9 unahitaji kati ya kilo 450 na 900 za mboji, na yote haiachii mwaka mmoja, inaachia kidogo kidogo. Potasiamu ndo kabisa, inayeyuka inaondoka na maji, nikaongeza majivu ya jikoni. Fosforasi ipo ya kutosha na hiyo ndo inayowafanya Wajerumani waweke sheria kwamba kuanzia 2029 mitambo yao mikubwa ya majitaka lazima iiokoe, kwao haichimbwi, sisi angalau tuna mwamba wa Minjingu hapo Manyara. Kwa hiyo anayekwambia tope litaua biashara ya mbolea ya dukani anakudanganya, mimi nilitosheleza nusu eka tu, tena kwa kuweka mkono mmoja mmoja kwenye kila shimo la kupandia, siyo kumwaga.

Sasa kama virutubisho vyenyewe ndo hivyo, faida iko wapi? Msimu wa kwanza sijui niseme nini, 2023/24 El Nino ilinyesha mpaka jiwe lingeota, upande wenye mboji na usio na mboji yote ilikuwa kijani, nikijisifia hapo nitakuwa muongo. Msimu uliofuata ndo niliona. Mvua ikakata katikati kama kawaida yake, upande usio na mboji mtama ulianza kujikunja, upande wa pili ukaendelea kusimama siku nne tano mbele. Nikachimba kwa kidole, huku vumbi, kule sentimita tano chini udongo umelowa umeshikana. Kichanga chetu hakina kitu cha kushika maji, mboji inashika. Siku tano kwa mtu wa Dar ni siku tano tu, kwa mtama wa Dodoma unaosubiri mvua irudi ni gunia. Na kiduha kilipungua, hakikuisha, ila nilikuwa nang'oa nikiimba.

Chakula je. Mpaka leo sipandi mboga pale, mchicha, karoti, nyanya, vitu vinavyogusa udongo na kuliwa vibichi, hapana. Mtama unapikwa, alizeti inakamuliwa. Huo ni uamuzi wangu, mboji imepita moto na mwaka lakini nikiwa napita soko la Majengo nikiona fungu la mchicha mbichi nawaza yule mama anayeuza, neno likivuma kwamba mboga za Mpunguzi ni za chooni, hauzi hata fungu moja na hajakosea kitu. Mama mkwe wangu alipoambiwa alitema mate pembeni, akauliza kama mlenda aliokula Pasaka ulitoka huko. Haukutoka. Aliniapisha.

Wameniuliza kama nauza. Siuzi. Mbolea ya kuuza inatakiwa isajiliwe TFRA, ile mamlaka ya kudhibiti mbolea, Sheria ya Mbolea ipo tangu 2009, na kwa hili naona sheria ina haki kabisa, kwa sababu anayenunua kiroba hawezi kujua kama niligeuza mara tano au mara mbili. Yule anayetaka kufanya biashara afanye kama Ghana, wanachanganya topekinyesi na taka za sokoni kwenye kiwanda, wanapima, wanafunga kwenye mifuko wameipa jina Fortifer. Jina zuri, halina choo ndani yake. Huku tuna kiwanda cha mbolea ya Fomi pale Nala kinachochanganya samadi na madini, kwa hiyo siyo kwamba mtu wa Dodoma anaogopa mavi, anaogopa ya nani.

Babu alikuja mwezi uliopita. Shikamoo, marahaba. Akazunguka lundo langu la tatu, akasoma bati, akachomoa ile nondo mwenyewe akaigusa kwa ncha ya kidole, akairudisha. Akasema choo chake kimejaa na anauliza foleni ikoje.

Na juzi Jumanne dereva wangu wa zamani kanipigia, ana mzigo, yuko barabara ya Iringa, dakika ishirini yuko shamba.

"Umetoa wapi?"

"Nyumbani kwa mtu."

"Mtu gani, mtaa gani?"

Kimya kidogo. "Bro, kwani we unataka na jina lake? Kuna gesti, kuna sehemu wanapiga rangi magari, nimechanganya safari."

Nikamwambia peleka Swaswa kwenye mabwawa ya majitaka. Akanisonya akakata simu.